Moshi Wapigwa Mnada

Aprili 2003, gavana wa New York, George Pataki, aliwaandikia barua magavana wenzake wa kaskazini mashariki mwa Marekani. Aliwaalika washirikiane kuweka ukomo wa hewa ukaa inayotoka kwenye mitambo ya kufua umeme. Pataki alikuwa mtu wa chama cha Republican, na Rais George W. Bush alikuwa wa chama hichohicho. Miaka miwili tu kabla ya barua hiyo, Machi 2001, Bush alikuwa ameipa kisogo Itifaki ya Kyoto. Majimbo yalikuwa yanaitana kulifanya lile ambalo Washington ililikataa, na aliyeyaita alitoka ndani ya nyumba ileile.

Alichokipendekeza hakikuwa kikubwa. Kilihusu umeme peke yake, na katika umeme ilihusika mitambo yenye uwezo wa megawati 25 na kuendelea, inayochoma makaa ya mawe, mafuta au gesi. Magari, viwanda na majiko ya nyumbani vyote viliachwa. Serikali za majimbo zingeamua jumla ya hewa ukaa inayoruhusiwa kwa mwaka, kisha zitoe vibali vinavyolingana na jumla hiyo, kibali kimoja kwa tani moja fupi ya Kimarekani, yaani kilo 907. Mwenye mtambo angetakiwa kurudisha serikalini vibali sawa na moshi alioutoa. Aliyepunguza moshi angebaki na vibali vya kuuza, naye aliyeshindwa angevitafuta sokoni.

Msomaji wa Pwani aliyezoea kusikia habari za kaboni kupitia mikoko ya Gazi kule Kwale, au misitu ya Wahadzabe wa Yaeda, asichanganye biashara hizi mbili. Kule jamii inalipwa kwa kutunza miti, na mnunuzi mara nyingi hulipa kwa hiari yake. Kwenye mpango wa Pataki hiari haikuwepo. Sheria ingekuwa inamwambia mwenye mtambo kwamba asiyekuwa na kibali hana ruhusa.

Wazo lenyewe lilikuwa na umri. John Dales, mchumi wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliliandika mwaka 1968 katika kitabu kidogo, akiwaza zaidi uchafuzi wa maji kuliko wa hewa. Lilikaa vitabuni miaka zaidi ya ishirini. Lililolitoa huko ni mvua ya tindikali. Salfa iliyotoka kwenye mitambo ya makaa ya Ohio na majirani zake ilipeperushwa na upepo wa magharibi, ikaanguka na mvua kwenye maziwa ya milima ya Adirondack, ndani ya New York kwenyewe, na samaki wakatoweka katika mengi ya maziwa hayo. Tarehe 15 Novemba 1990 Rais George H. W. Bush, baba wa yule mwingine, alitia saini sheria ya hewa safi iliyotaka salfa dayoksaidi ipungue kwa tani milioni 10 chini ya kiwango cha mwaka 1980, na njia iliyotumika ilikuwa ukomo na vibali.

Sheria ilifaulu, na kwa gharama ndogo kuliko zilizohofiwa. Lakini karibu vibali vyote viligawiwa bure kwa kampuni za umeme, kwa kufuata kiasi cha mafuta na makaa zilichochoma miaka ya nyuma. Kiasi kidogo mno, kisichofika asilimia 3, kilitengwa kwa mnada wa kila mwaka uliofanyika kwenye soko la nafaka na bidhaa la Chicago, kuanzia Machi 1993. Watu waliuchukulia mnada ule kama kionjo cha bei, basi. Makundi ya raia na wanafunzi wa sheria walijitokeza wakanunua vibali vichache wakavifungia kabatini ili salfa hiyo isitoke kamwe, magazeti yakapata habari ya kuchekesha, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyeuliza kwa sauti kubwa kwa nini aliyechafua zaidi jana ndiye apewe haki kubwa zaidi ya kuchafua kesho.

Swali hilo liliibuliwa Ulaya, tena bila kukusudiwa.

Umoja wa Ulaya ulijaribu kuweka kodi ya kaboni mwaka 1992 ukashindwa, maana mambo ya kodi yalihitaji kila nchi mwanachama ikubali. Sheria ya mazingira ilihitaji wingi wa kura tu, na soko la vibali likapita kwenye mlango huo. Tarehe 1 Januari 2005 soko lilifunguliwa, likikusanya mitambo na viwanda zaidi ya 10,000. Ili viwanda visipige kelele, nchi ziliamriwa kugawa bure angalau asilimia 95 ya vibali katika miaka mitatu ya mwanzo.

Kilichofuata kiliwashangaza wananchi kuliko wachumi. Kampuni za umeme zilizopewa vibali bure zilipandisha bei ya umeme, kana kwamba zimevinunua. Hesabu yake ni rahisi. Kibali kikiwa kinauzwa yuro 25 sokoni, kampuni inayokitumia kuchoma makaa imejinyima yuro 25 za kukiuza. Hizo yuro 25 ni gharama kwake, hata kama kibali ilipewa kama zawadi. Kwa hiyo inaziweka kwenye bei ya umeme, na soko la umeme linazipokea. Mteja wa Ujerumani au Uholanzi analipa. Kampuni inapokea faida ya bwerere. Serikali iliyotoa vibali haipati kitu.

Juu ya hilo, vibali vilikuwa vingi kupita kiasi. Kila nchi ilikuwa imevikadiria viwanda vyake kwa ukarimu. Hesabu halisi za moshi wa mwaka 2005 zilipotoka, Aprili na Mei 2006, ikajulikana kwamba vibali vimezidi moshi, na bei iliyokuwa karibu na yuro 30 ikaanguka hadi nusu kwa muda wa siku chache. Kufikia mwisho wa 2007 kibali cha awamu ile hakikuwa na thamani ya kuokota.

Maofisa wa majimbo ya kaskazini mashariki walikuwa wakiyatazama haya yote huku rasimu zao zikiwa bado mezani. Bahati ya kuchelewa ni hiyo.

Majadiliano yao yalichukua zaidi ya miaka miwili. Tarehe 20 Desemba 2005 majimbo 7 yalitia saini hati ya makubaliano: Connecticut, Delaware, Maine, New Hampshire, New Jersey, New York na Vermont. Massachusetts na Rhode Island zilijitoa dakika za mwisho. Gavana wa Massachusetts, Mitt Romney, alitaka bei ya vibali iwekewe kikomo cha juu, akakosa, akaondoka. Zote mbili zilirudi mwaka 2007, Massachusetts ikiwa na gavana mpya, Deval Patrick. Maryland nayo ikaingia mwaka huo, na idadi ikawa 10. Mpango uliitwa kwa kifupi RGGI, na Wamarekani wanapenda kuutamka kama jina la mtu, Reggie.

Hati ya 2005 ilisema kwamba angalau asilimia 25 ya vibali itengwe kwa manufaa ya watumiaji wa umeme. Haikusema inayobaki ifanyweje. Robo ile ilikuwa kiwango cha maelewano, kila jimbo likaachiwa uhuru wa kuipandisha. Hapo ndipo ushindani wa aina yake ukaanza, majimbo yakashindana kuuza zaidi na kugawa kidogo. Vermont ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuviweka vibali vyake vyote upande wa watumiaji. New York na Massachusetts zikatangaza kwamba zitauza karibu vyote. Mwishowe takriban asilimia 90 ya vibali vya eneo zima vilikwenda kwenye mnada, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa popote kwa hewa ukaa.

Kwa nini iliwezekana huko na si kwingine? Wengi husema ni kwa sababu majimbo yale yana wapenda mazingira wengi. Mimi naona sababu kubwa ni kavu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mengi ya majimbo hayo yalikuwa yamelivunja lile shirika moja la kale lililofua, kusafirisha na kuuza umeme kwa bei iliyopangwa na serikali. Mitambo iliuzwa kwa kampuni binafsi zinazouza umeme kwa bei ya soko. Katika mfumo wa zamani, msimamizi wa serikali angeweza kuiambia kampuni: vibali ulipewa bure, basi usimtoze mteja. Katika mfumo mpya hakuna wa kuyasema hayo. Bei ingepanda vilevile, vibali viwe vya bure au vya kununua. Kilichobaki kuamuliwa ni fedha ile iingie mfuko wa nani. Swali likishawekwa hivyo mbele ya wabunge wa jimbo, jibu halichukui siku nyingi.

Kuamua kuuza ni jambo moja, kujua namna ya kuuza ni jingine. Mnada ukipangwa vibaya, wanunuzi wachache wakubwa wanaelewana kimyakimya na bei inalala chini. New York iliwaendea wachumi: Charles Holt na William Shobe wa Chuo Kikuu cha Virginia, Dallas Burtraw na Karen Palmer wa taasisi ya Resources for the Future ya Washington, na Jacob Goeree wa California. Holt na Shobe walikwishaonja kazi hiyo mwaka 2004, jimbo la Virginia lilipouza kwa mnada vibali vya oksidi za naitrojeni. Safari hii walifanya utafiti wao kwa namna ambayo mtu wa sayansi asilia angeitambua mara moja: waliwaweka wanafunzi kwenye maabara ya kompyuta, wakawapa kila mmoja mtambo wa kufikirika wenye gharama zake, wakawaachia washindanie vibali kwa fedha halisi ya kwenda nayo nyumbani. Wakajaribu mtindo mmoja wa mnada baada ya mwingine, wakaangalia ni upi unaowashawishi washiriki kula njama.

Minada ya kupandisha bei hatua kwa hatua, ambayo mtu asiyejua angeiona ya haki zaidi kwa kuwa kila kitu kiko hadharani, ilitoa mwanya mkubwa zaidi. Washiriki waliweza kuonana wakipunguza maombi yao mapema, wakafuatana. Ripoti yao ya Oktoba 2007 ikapendekeza zabuni za siri za mzunguko mmoja, bei moja kwa washindi wote, na bei ya chini ambayo serikali haitauza pungufu yake.

Aliyewahi kuhudhuria mnada wa korosho Tandahimba au Newala, enzi za sanduku la zabuni, anaijua nusu ya mtindo huu. Wanunuzi waliandika bei zao, wakazifunga, zikafunguliwa mbele ya wakulima. Tofauti iko kwenye malipo. Kwenye korosho mshindi alilipa bei aliyoiandika mwenyewe. Kwenye vibali, zabuni hupangwa kuanzia ya juu kushuka chini mpaka vibali viishe, na pale vinapoishia ndipo bei inapopatikana. Aliyeandika dola 9 na aliyeandika dola 4 wote wanalipa kiasi kilekile. Mtu anaweza kuona kwamba serikali inajipunja kwa kutochukua zile dola 9. Lakini kama mtu angejua atalipishwa alichoandika, asingeandika 9. Angekisia bei ya wenzake na kuandika juu yake kidogo tu. Bei moja humwezesha mnunuzi kuandika thamani ya kweli ya kibali kwake bila hofu ya kujutia.

Kanuni nyingine ziliwekwa kuzuia wenye misuli: vibali viuzwe kwa mafungu ya 1,000, na mnunuzi mmoja asichukue zaidi ya robo ya mnada mmoja. Mtu yeyote mwenye dhamana ya fedha aliruhusiwa kushiriki, awe na mtambo au asiwe nao.

Tarehe iliyopangwa ilikuwa Alhamisi, 25 Septemba 2008. Haikuwa siku nzuri ya kuuza chochote. Siku 10 kabla yake benki ya Lehman Brothers ilikuwa imefilisika, New York kulekule. Siku yenyewe, wagombea urais Barack Obama na John McCain waliitwa Ikulu kuzungumzia fedha za kuziokoa benki, na kabla ya usiku kwisha benki ya Washington Mutual ilikuwa imetwaliwa na serikali. Katikati ya kimbunga hicho majimbo 6, Connecticut, Maine, Maryland, Massachusetts, Rhode Island na Vermont, yalifungua zabuni za vibali vya kutoa moshi, bidhaa isiyoshikika, ambayo hata hitaji lake kisheria lilikuwa halijaanza. Ukomo ungeanza kazi Januari 2009.

Washiriki 59 walijitokeza. Maombi yao yalizidi vibali vilivyokuwepo zaidi ya mara 4. Vibali karibu milioni 12.6 viliuzwa vyote kwa dola 3.07 kila kimoja, na majimbo yakagawana dola milioni 38.5. Bei ya chini iliyowekwa ilikuwa dola 1.86. Desemba mwaka huohuo New York na mengine yaliyobaki yakajiunga kwenye mnada wa pili, vikauzwa vibali zaidi ya milioni 31 kwa dola 3.38.

Laiti historia ingeishia hapo. Ukomo ulikuwa tani milioni 188 kwa mwaka, na uliwekwa na watu waliodhani hitaji la umeme litaendelea kukua na gesi asilia itabaki ghali. Yote mawili yalikwenda kinyume. Uchumi ulidorora. Gesi iliyochimbwa kwenye miamba ya Pennsylvania ikafurika sokoni, bei yake ikaporomoka, na mitambo iliyochoma mafuta na makaa ikazimwa au ikahamia gesi. Mwaka 2009 moshi wa eneo zima ulikuwa takriban tani milioni 124, na mwaka 2012 karibu milioni 92. Ukomo ulikuwa juu sana hata haukumgusa mtu. Bei ya vibali ikateremka mnada baada ya mnada, na kufikia Septemba 2010 ikatua kwenye sakafu, yaani ile bei ya chini ya dola 1.86, na vibali vingine vikakosa mnunuzi.

Kosa lilikuwa lilelile la Ulaya, vibali vingi kuliko moshi. Tofauti ni kwamba Ulaya bei ilifika sifuri, na huku ilikutana na sakafu. Vibali vilivyokosa mnunuzi havikutolewa. Naiona ile bei ya chini kuwa ndiyo iliyouokoa mpango mzima, ingawa kwenye simulizi nyingi hutajwa kwa sentensi moja.

Fedha nayo ilileta mambo yake. Kitu kikigawiwa bure, thamani yake hufichika ndani ya vitabu vya kampuni. Kikipigwa mnada, thamani inawekwa mezani mbele ya watu wote, na waliokaa mezani huinyooshea mikono. Majimbo yaliahidi kuitumia fedha hiyo kupunguza matumizi ya umeme: kuziba nyufa za nyumba zinazovuja joto, kubadilisha majiko ya kupashia moto, kuwapunguzia wenye kipato cha chini ankara zao. Mengi yalifanya hivyo. Uchambuzi wa kampuni ya Analysis Group wa Novemba 2011 ulikadiria kwamba dola milioni 912 zilizopatikana katika miaka mitatu ya kwanza ziliuongezea uchumi wa majimbo hayo faida ya dola bilioni 1.6. Lakini mwaka 2009 New York ilipokuwa na pengo kwenye bajeti, ilichukua dola milioni 90 za minada ikazibia. New Jersey nayo ilifanya hivyo. Maneno ya wapinzani kwamba huu ni ushuru uliovalishwa kanzu ya mazingira yakapata ushahidi kutoka serikalini penyewe.

Gavana Chris Christie wa New Jersey aliyatumia vizuri. Mei 2011 alitangaza kuwa mpango umeshindwa, bei ya vibali ni ndogo mno kubadili tabia ya mtu, na kilichobaki ni kodi tu. Mwisho wa mwaka jimbo lake likatoka. Hoja yake ya kwanza ilikuwa ya kweli. Dawa aliyoichagua ndiyo yenye shaka, kwani aliyeona uzio ni mfupi anaweza pia kuurefusha. Majimbo 9 yaliyobaki yalifanya hilo: Februari 2013 yalikubaliana ukomo ushushwe hadi tani milioni 91 kuanzia 2014, ukipungua kwa asilimia 2.5 kila mwaka. Bei ikaanza kupanda muda huohuo.

Washington wakati huo ilikuwa imejaribu na kuanguka. Bajeti ya kwanza ya Obama, mwaka 2009, ilitaka vibali vyote vya nchi nzima viuzwe kwa mnada. Muswada wa kuanzisha soko hilo ulipopita Baraza la Wawakilishi tarehe 26 Juni 2009, kwa kura 219 dhidi ya 212, sehemu kubwa ya vibali ilikwishaahidiwa bure kwa kampuni za umeme, za kusafisha mafuta na viwanda, kila kura ikiwa na bei yake. Hata hivyo, Seneti haikuupigia kura. Ugawaji wa bure ulinunua Baraza moja ukashindwa kununua la pili. California ilifuata njia yake mwenyewe na kufanya mnada wa kwanza Novemba 2012, bei ikiwa dola 10.09, senti 9 tu juu ya sakafu. Ulaya iligeuka mwaka 2013, mitambo ya umeme ikaanza kununua vibali vyake mnadani isipokuwa katika baadhi ya nchi za mashariki. Miaka 10 baadaye, Februari 2023, kibali cha Ulaya kilivuka yuro 100 kwa mara ya kwanza.

Kaskazini mashariki mwa Marekani, moshi wa umeme umepungua kwa karibu nusu tangu 2005. Brayton Point ya Massachusetts, mtambo mkubwa kuliko yote ya makaa katika New England, ulizimwa Mei 2017. Si haki kuupa mnada sifa yote. Gesi rahisi ilifanya kazi kubwa, na sehemu ya umeme uliokoma kufuliwa ndani ulianza kununuliwa nje ya mipaka ya mpango. Mnada umeingiza zaidi ya dola bilioni 7 kwa jumla, na Septemba 2024 kibali kimoja kiliuzwa dola 25.75.

Jinsi bei inavyopanda ndivyo siasa inavyochemka. New Jersey ilirudi mwaka 2020 chini ya gavana mwingine. Virginia iliingia 2021 na kuondolewa na Gavana Glenn Youngkin mwisho wa 2023. Uzito mkubwa ulikuwa Pennsylvania, jimbo la makaa na gesi linalouza umeme kwa majirani. Gavana Tom Wolf aliamuru mwaka 2019 lijiunge. Wabunge wakapinga, kesi ikafunguliwa, na Novemba 2023 mahakama ya jimbo ikaamua kwamba malipo ya mnada ni kodi, na kodi hutungwa na bunge, si na gavana. Rufaa ilikuwa bado inasubiri ilipofika Novemba 2025. Bajeti ya jimbo ilikuwa imechelewa zaidi ya miezi minne, na Gavana Josh Shapiro aliikubali ikiwa imefungamanishwa na kifungu cha kuliondoa jimbo kwenye mpango. Pennsylvania haikuwa imeuza hata kibali kimoja, na umeme wa mitambo yake ya gesi na makaa unaendelea kuvuka mpaka kwenda New Jersey na Maryland bila kibali.